Kuvuja, Kutona, Kububujika: Dawa za Nyumbani za Rejeta na Mipaka Yake

Katika barabara iendayo kutoka Lubumbashi hadi Likasi, mwendo wa kilomita zipatazo 120, si ajabu kukuta gari limesimama kando, boneti (au kapo, kama isemwavyo mjini) imeinuliwa, mvuke ukipanda, na abiria wameketi chini ya mti wakimngoja dereva arudi na dumu la maji. Saa hiyo kila abiria huwa fundi. Mmoja hushauri yai, wa pili pilipili manga, wa tatu sabuni, na hakosi mzee mmoja asemaye kwamba zamani walitia unga. Dereva husikiliza, huchagua, na mara nyingi huchagua vibaya, kwa kuwa mashauri yote hutolewa kwa sauti moja ya uhakika, na gari lenyewe halisemi.

Makala hii inakusudia kueleza dawa hizo: jinsi zinavyofanya kazi, mahali zinapofaa na mahali zinapoleta hasara. Inakusudia pia kuonyesha kwamba lugha ya Kiswahili inayo maneno ya kutosha ya kupambanua aina za uvujaji, na kwamba atumiaye maneno hayo ipasavyo amekwisha kufika nusu ya njia ya kupata dawa.

Jina na kazi ya chombo

Watu wa Afrika Mashariki huita chombo hiki rejeta, neno lililopitia Kiingereza. Lubumbashi wengi husema radiatere, neno lililopitia Kifaransa. Majina yote mawili yana asili moja ya Kilatini, nayo humaanisha kitu kitoacho miali. Kwa kweli jina hilo halikulingana na kazi. Rejeta hutoa joto kwa miali kidogo tu. Sehemu kubwa ya joto huchukuliwa na upepo upitao katikati ya vibati vyake. Kama jina lingebuniwa upya kwa kufuata kazi, lingetoka katika kitenzi kupoza. Hata hivyo lugha hazingoji wataalamu wa fizikia, na rejeta imekwisha kuzoeleka.

Injini (motere kwa lugha ya mjini) huchoma mafuta, na sehemu inayokaribia theluthi moja ya nguvu ya mafuta hayo huingia katika maji ya kupozea badala ya kuzungusha magurudumu. Pampu husukuma maji yapite katika mwili wa injini, ambamo hupata joto, kisha hufika katika rejeta, hupita ndani ya mirija myembamba iliyozungukwa na vibati, hupoa, na kurudi. Kati ya injini na rejeta kuna themostati, mlango mdogo ujifunguao wenyewe maji yanapofikia joto la nyuzi themanini na kitu za sentigredi.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kazi ya kifuniko. Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Ndani yake mna springi na vali, ambazo huzuia mvuke usitoke mpaka shinikizo lizidi lile la hewa ya nje kwa kiasi kinachokaribia bari moja katika magari mengi. Maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwa nyuzi 100. Hungoja mpaka nyuzi 120 hivi. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa wakazi wa nyanda za juu za Katanga. Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya wepesi wa hewa, maji ya sufuria huchemka huko yakiwa na nyuzi 96 tu. Rejeta iliyopoteza shinikizo lake hapa huchemka mapema kuliko rejeta ya namna hiyohiyo iliyoko Matadi au Mombasa. Ndiyo maana tundu dogo kama ncha ya sindano, ambalo kwa macho halipotezi maji mengi, huweza kusimamisha gari: linapoteza maji kidogo, lakini linapoteza shinikizo lote.

Vitenzi vinne

Mjini Lubumbashi husikika zaidi usemi mmoja: maji inatoka. Mwanafunzi wa isimu atatambua papo hapo upatanisho uliorahisishwa, ambao ni mojawapo ya tabia za Kiswahili cha mji huu, nao hauna kosa lolote mdomoni mwa wenyewe. Taabu iko kwingine: usemi huo hauelezi maji yanatoka namna gani. Kiswahili cha vitabu, na hata cha wazee wengi wa Katanga, kina daraja kadhaa.

Rejeta inaweza kutokwa na jasho. Hapo hakuna tone liangukalo. Kuna unyevu tu na alama nyeupe au ya kutu iliyokauka juu ya bati. Inaweza kutona, yaani kudondosha tone baada ya tone. Inaweza kuchuruzika, maji yakishuka kama uzi usiokatika. Mwisho inaweza kububujika au kufoka, na hapo maji hutoka kwa nguvu pamoja na mvuke. Kitenzi kuvuja hubeba maana zote hizo, na kwa hiyo peke yake hakimsaidii fundi.

Dawa yoyote itiwayo ndani ya maji haina matumaini ila katika hali mbili za kwanza, jasho na kutona. Sababu yake ni nyepesi. Dawa ya ndani ni chembe zinazochukuliwa na maji mpaka kwenye tundu. Zinajaribu kutoka pamoja na maji, zinakwama, na nyingine zinalundikana nyuma yake. Tundu likiwa pana, chembe hupita zote na kumwagika barabarani. Mtu anayetia mayai sita katika rejeta inayochuruzika amepoteza chakula cha jioni bure.

Yai, pilipili, unga

Yai ndilo linalosifiwa kuliko yote, na sifa hiyo ina msingi. Ute wa yai ni protini iliyoyeyuka katika maji. Ukifika joto la nyuzi 60 na zaidi huanza kuganda, na ufikapo 80 umekwisha kuwa mgumu kama katika yai la kuchemsha. Maji ya injini hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Basi ute unaomiminwa humo hugeuka nyuzinyuzi nyeupe, na baadhi yake huvutwa na uvujaji, hujisokota ndani ya tundu na kuliziba. Wanaojua hutia ute peke yake wa yai moja au mawili, bila kiini, wakati injini imepoa kiasi cha kufunguliwa, kisha huwasha na kuiacha injini izunguke polepole kwa dakika kadhaa.

Ubaya wake unatokana na uzuri wake. Nyuzinyuzi hazijui tundu baya na tundu zuri. Mrija wa rejeta ni mwembamba, mlango wa themostati ni mwembamba, na rejeta ndogo ya kupashia joto ndani ya gari ina mirija myembamba zaidi. Yai huganda popote lipatapo nafasi, na baada ya siku chache huoza, likitoa harufu ambayo abiria hawataisahau.

Pilipili manga iliyosagwa hufanya kazi kwa njia nyingine. Haigandi. Chembe zake ni vipande vya mbegu ngumu, ambavyo hulowa, huvimba na kukwama. Kwa kuwa ni chembe kavu, haziozi upesi kama yai, na huoshwa kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo, ikiwa mtu analazimika kuchagua kati ya yai na pilipili, kijiko kimoja au viwili vya pilipili manga ndilo chaguo lenye hasara ndogo. Yeyote anayecheka dawa hii na aangalie kwanza viwanda vyenyewe: miongoni mwa dawa za kuziba rejeta zinazouzwa madukani, zimo zilizotengenezwa kwa unga wa mizizi ya tangawizi. Nyingine hutumia silikati ya sodiamu, ambayo huganda kama kioo inapokutana na joto kali. Jikoni na kiwandani wamefikiri jambo moja; tofauti ni kwamba kiwanda kimepima ukubwa wa chembe na kuandika kipimo juu ya chupa.

Unga ni habari nyingine kabisa. Wanga wa mahindi huvimba na kuwa uji unapofikia nyuzi 62 hadi 72, na joto hilo injini hulivuka dakika chache baada ya kuwashwa. Hakuna Mkatanga asiyejua kinachofuata maji ya moto yanapokutana na unga: ni bukari. Atiaye unga katika rejeta anapika bukari katika mirija isiyopitika mwiko wala mkono. Uvujaji utakoma, naam, lakini mzunguko wa maji nao utakoma, na injini itaungua huku dereva akifurahi kuona chini ni pakavu. Dawa hii haifai kutumiwa hata kwa dharura.

Sabuni na mahali pake

Kuhusu sabuni ya kipande, kuna mchanganyiko wa habari unaostahili kufafanuliwa. Wazee hawakusema uongo waliposema sabuni huziba. Sabuni haiyeyuki katika petroli, na kipande kilicholainishwa kwa vidole na kubanwa juu ya ufa wa tangi la mafuta huweza kuzuia uvujaji kwa safari nzima. Lakini sabuni huyeyuka katika maji, tena maji ya moto. Ikipakwa juu ya rejeta hushika kwa muda mfupi tu, kisha hugeuka povu. Dawa ya kweli ilihamishwa kutoka chombo chake kwenda chombo kingine, na watu wakaendelea kuiamini kwa heshima ya mafanikio yake ya kwanza. Hali ya pipi ya kutafuna ni karibu na hiyo: ni ngumu ikiwa baridi, laini ikipata moto, na rejeta ina moto tu.

Dawa za nje

Zilizo bora miongoni mwa dawa za njiani haziingii ndani ya maji kamwe. Ya kwanza haigharimu kitu. Injini ikisha kupoa, dereva hufungua kifuniko na kukirudisha bila kukikaza mpaka mwisho. Hapo shinikizo halijengeki, maji hayasukumwi tena kwa nguvu kupita tunduni, na rejeta iliyokuwa ikichuruzika hutona tu. Gharama yake imekwisha kuelezwa hapo juu: bila shinikizo, maji ya Lubumbashi huchemka kwa nyuzi 96. Kwa hiyo ni lazima kwenda polepole, kusimama mara kwa mara, na kuwa na madumu ya maji ya kuongezea.

Ya pili ni kufungua kipasha joto cha ndani ya gari mpaka mwisho wake, pamoja na feni yake. Abiria watalalamika, hasa mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, lakini kile kijirejeta kidogo hupokonya injini sehemu ya joto lake na kuligawa kwa abiria. Dereva mwenye ulimi mzuri atawaeleza sababu kabla ya kufungua.

Mara nyingi anayedhani rejeta inavuja hukuta kwamba kinachovuja ni bomba la mpira liunganishalo rejeta na injini. Hapo dawa ni ya Kikongo kabisa: utepe uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu, uleule unaofunga mizigo juu ya baiskeli na malori nchini kote. Bomba hukaushwa, utepe huvutwa kwa nguvu zote na kuzungushwa tabaka juu ya tabaka, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, na mwisho hufungwa kwa waya. Kwa kuwa mpira uliovutwa hutaka kurudi, hubana wenyewe. Hakuna gundi inayoshinda utepe huu kwa kazi hiyo.

Ikiwa mrija mmoja wa rejeta umetoboka na unaonekana, fundi mwenye koleo anaweza kuondoa vibati vinavyouzunguka, kuukata, kisha kukunja ncha zote mbili na kuzibana. Rejeta yenye mirija mingi haitasikia sana kupotewa na mmoja. Tiba hii ni ukatili, lakini huacha maji safi na mirija mingine mizima, mambo ambayo yai haliwezi kuahidi.

Gundi ya sehemu mbili, ile ichanganywayo kabla ya kupakwa, hushika vizuri kwa masharti matatu: bati liwe kavu, liwe limekwanguliwa kwa msasa, na gundi ipewe saa zake za kukauka kama chupa inavyoagiza. Barabarani masharti hayo hayatimizwi kwa urahisi, na gundi ipakwayo juu ya bati lenye maji ni kazi ya bure.

Lehemu na mabadiliko ya chuma

Kwa miaka mingi tiba kamili ya rejeta ilikuwa lehemu. Rejeta zilitengenezwa kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, na msomaji wa Katanga hana haja ya kuelezwa shaba ni nini. Fundi aliondoa rejeta, akaijaza hewa na kuizamisha katika pipa la maji ili aone mapovu yanatoka wapi, akapasafisha kwa asidi iliyolishwa zinki, kisha akayeyusha mchanganyiko wa bati na risasi juu ya tundu. Mchanganyiko huo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, joto ambalo hata jiko la makaa hulifikia. Kwa hiyo ufundi huo ulienea katika vitongoji, na watu wengi waliishi kwao. Wengine waliumia kwao pia: risasi huingia mwilini kwa moshi na kwa vumbi lililobaki mikononi wakati wa kula, na ugonjwa wa risasi kwa watengenezaji wa rejeta umethibitishwa katika nchi mbalimbali. Afanyaye kazi hii na aifanye mahali penye upepo, mbali na watoto, na anawe kabla ya kugusa chakula.

Tangu miaka ya 1970, na hasa 1980, watengenezaji wa magari walianza kuacha shaba na kutumia alumini yenye matangi ya plastiki. Alumini hujifunika papo hapo kwa utando wa oksidi, na lehemu ya bati na risasi haishiki juu ya utando huo. Plastiki nayo huyeyuka kabla ya kulehemiwa. Ndipo fundi mzee, aliyekuwa akiponya kila rejeta, alipoanza kurudisha nyingine kwa wenyewe akisema haziponi, na watu wakadhani mkono wake umechoka. Mkono haukuchoka, chuma kilibadilika. Magari mengi yanayonunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo yana rejeta za namna hii, na ndiyo sababu dawa za nyumbani zimepata wateja wapya: mlango wa tiba ya bei nafuu umefungwa, na rejeta mpya ni ghali.

Methali isemayo kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta husikika sana katika gereji. Ni kweli kwa ukuta. Kwa rejeta, uzibaji wa haraka wenyewe unaweza kuwa mwanzo wa ukuta mwingine, ikiwa alichoziba mtu ni mirija na siyo ufa.

Hatari zisizongoja

Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi. Maji yaliyobanwa yakiwa na nyuzi 110 hubaki maji. Kifuniko kikitoka, sehemu yake hugeuka mvuke kwa mara moja na kuyarusha mengine usoni na kifuani mwa afunguaye. Kitambaa kilichokunjwa hakitoshi kuyazuia. Mtu na angoje mpaka bomba la juu liweze kushikwa kwa mkono bila maumivu, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Vilevile maji baridi hayamiminwi kwa ghafla katika injini iliyochemka, kwa maana chuma kilichopanuka kwa joto kikipozwa upande mmoja huweza kupinda au kupasuka. Maji hutiwa kidogo kidogo, baada ya kungoja.

Kuna pia uvujaji usioonekana. Maji yakipungua na chini ni pakavu, dereva na atazame kijiti cha mafuta ya injini. Akikuta mafuta yamekuwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, au akiona mapovu yasiyokoma katika rejeta wakati injini inazunguka, basi gasketi ya kichwa cha injini (kulasi kwa mafundi wa Lubumbashi) huenda imeungua, na hakuna yai wala pilipili ya kulitibu hilo. Kuendelea na safari ni kuiua injini.

La mwisho linahusu maji ya rangi yauzwayo kwa ajili ya rejeta. Mengi yana glikoli ya ethilini, sumu yenye ladha tamu. Yanapokusanywa katika beseni ili yarudishwe, yasiachwe wazi hata kidogo: mbwa huyanywa, na mtoto naye huweza kuyanywa.

Gari likisha kufika kwa fundi, swali lake la kwanza huwa moja: umetia nini humu? Madereva wengi huona haya na kujibu kwamba hawakutia kitu. Fundi huamini, hubadilisha bomba, huliachia gari, na baada ya wiki themostati hukwama kwa uchafu ambao hakuna aliyeutaja. Aliyetia yai na aseme yai, na aliyetia pilipili na aseme pilipili, pamoja na kiasi na siku. Hapo fundi atatoa themostati, ataingiza maji safi kwa kuyasukuma kinyume cha mwendo wake wa kawaida, na ataendelea hivyo mpaka nyuzinyuzi za yai na chembe nyeusi ziache kutoka na maji yashuke meupe.